Malkia aliyekosa tembe tatu

Wanafunzi wangu wa historia hapa Malili huijua Taj Mahal kwa picha za vitabuni. Wachache wajuao kwamba jumba lile jeupe ni kaburi la mama aliyefia uzazini. Leo nitasimulia maisha yake, kwa kuwa kisa chake kinatuhusu.

Alizaliwa mwaka 1593, akaitwa Arjumand Banu. Baba yake, Asaf Khan, alikuwa miongoni mwa wakuu wa dola ya Moghul iliyotawala sehemu kubwa ya Bara Hindi. Mwaka 1612 aliolewa na mwana wa mfalme, naye akapewa jina la Mumtaz Mahal. Mumewe, ajulikanaye kama Shah Jahan, alitawazwa mwaka 1628.

Mumtaz hakuwa malkia wa kukaa kasrini tu. Alifuatana na mumewe hata vitani, aghalabu akiwa mja mzito. Katika ndoa ya miaka 19 alizaa watoto 14, na saba tu walifikia utu uzima. Juni 1631, mumewe akiwa vitani katika nyanda za Dekani, Mumtaz alishikwa na uchungu mjini Burhanpur. Binti alizaliwa, akaishi. Mama, kama wasimuliavyo wanahistoria wengi, alitokwa na damu isiyozuilika, akafa akiwa na umri wa miaka 38.

Shah Jahan hakukosa dhahabu wala matabibu. Alichokosa ni dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi. Alichoweza ni kumjengea kaburi, kazi iliyoanza mwaka 1632 na kuendelea kwa takriban miaka 20.

Leo dawa hiyo ipo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Belgaum, katika nyanda zizo hizo za Dekani, kwa akina mama 1,620 wa vijijini. Miongoni mwa waliomeza tembe za misoprostoli, mikrogramu 600, mara baada ya mtoto kuzaliwa, waliovuja damu kupita kiasi walikuwa asilimia 6.4. Miongoni mwa wasiopewa walikuwa asilimia 12. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo kwa kazi hii katika orodha yake ya dawa muhimu.

Sindano ya oksitosini ingali bora, lakini yahitaji mhudumu mwenye ujuzi na jokofu. Misoprostoli humezwa tu, tembe tatu za mikrogramu 200. Ila tahadhari: isimezwe kabla mtoto hajazaliwa, wala kabla ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni. Wala haiondoi haja ya hospitali.

Hapa Malili zilitengwa ekari 5,000 ili kujengwa mji wa Konza. Kujenga ni jambo jema. Lakini mama anayejifungua usiku, mbali na barabara ya Mombasa, hahitaji jumba la kumkumbuka. Anahitaji tembe tatu na mkunga ajuaye wakati wa kumpa. Walimu wenzangu, tulifundishe na hilo.