Fransisko Ksaveri: Msomi wa Paris Aliyefia Mlangoni mwa China



Kila mwaka tarehe 3 Desemba, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Wengi wetu tunamjua kwa sanamu tu: padre mwenye ndevu, msalaba juu mkononi, watu wamepiga magoti mbele yake. Na tumekariri kwamba ni msimamizi wa misioni. Basi, inaishia hapo. Leo tumwangalie kwa karibu, maana maisha yake si laini kama sanamu zinavyoonyesha. Na kumbe alipita hata huku kwetu pwani.

Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Javier, nchi ya Navarra, milimani kati ya Hispania na Ufaransa. Alikuwa kitinda mimba wa ukoo wa heshima. Baba yake, Juan de Jasso, alikuwa mshauri wa mfalme wa Navarra. Lakini mwaka 1512 Wakastilia waliiteka Navarra, miaka mitatu baadaye baba akafariki, na mwaka 1516 minara na kuta za ngome yao zikabomolewa kwa amri ya watawala wapya. Mtoto wa miaka kumi anaangalia kwao kunavunjwa. Kaka zake waliingia vitani kupigania nchi yao. Mwaka 1521, jeshi la upande wa kaka zake lilishambulia mji wa Pamplona, na mzinga wake ukamvunja mguu ofisa mmoja wa upande wa Kastilia aliyeitwa Inyasi wa Loyola. Shikeni jina hilo.

Fransisko hakuchagua upanga, alichagua kitabu. Mwaka 1525, akiwa na miaka 19, alikwenda Paris kusoma katika chuo cha Sainte-Barbe. Huko alikuwa mwanafunzi kama wengi tunaowajua: akili nyingi, michezo anaiweza, pesa za nyumbani zinachelewa, na ndoto kubwa za kuinua tena jina la ukoo. Alikuwa anafuatilia hati za kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa daraja la juu, na macho yake yalikuwa kwenye nafasi nzuri katika kanisa kuu la Pamplona. Yaani Kanisa alilitaka, ila kama ajira yenye mshahara na heshima.

Chumbani alikaa na Pierre Favre, kijana mpole kutoka Savoie aliyewahi kuchunga kondoo. Mwaka 1529 akaongezwa mtu wa tatu, mwanafunzi wa karibu miaka arobaini, anachechemea, anaishi kwa sadaka za watu. Ndiye yule Inyasi! Favre alivutwa mapema. Fransisko alimdharau. Hebu fikiria: mtu aliyepigana upande uliowaangusha ndugu zako, sasa yuko chumba kimoja na wewe, na kila mara anakurudishia lile swali la Injili kuhusu faida ya kuupata ulimwengu wote na kuipoteza nafsi.

Inyasi hakumlazimisha. Alimtafutia wanafunzi alipoanza kufundisha, akamsaidia pesa zilipokata, na akangoja. Ilichukua miaka. Mimi napenda sana sehemu hii, kwa sababu tumezoea shuhuda za wongofu wa usiku mmoja. Wongofu wa Ksaveri ulipikwa kwa moto mdogo, na mpishi alikuwa mtu ambaye kibinadamu alistahili kuwa adui yake. Tarehe 15 Agosti 1534, rafiki saba walipanda kilima cha Montmartre, Favre akaadhimisha Misa kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa padre kati yao, nao wakaweka nadhiri za ufukara na useja na kwenda Yerusalemu. Yerusalemu haikuwezekana kwa sababu ya vita baharini. Fransisko alipewa upadre huko Venezia mwaka 1537, na kundi lile likageuka kuwa Shirika la Yesu, Wajesuiti.

Safari yake ya mashariki ilikuja kwa ajali. Mfalme João wa Tatu wa Ureno alikuwa ameomba mapadre wa kwenda India. Aliyechaguliwa alikuwa mwingine, Bobadilla, lakini akaugua. Inyasi akamwita Ksaveri, naye Ksaveri akakubali hapohapo, akashona suruali yake iliyochanika, na baada ya siku moja hivi akaondoka Roma. Ilikuwa Machi 1540. Hakumwona tena Inyasi. Wala mama wa kwenda kumuaga hakuwapo. Alikuwa amefariki tangu 1529.

Alipanda meli Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Alikuwa na cheo cha mjumbe wa Papa, lakini ndani ya meli alifua nguo zake mwenyewe na kuwahudumia wagonjwa. Na meli za wakati ule zilijaa wagonjwa. Safari ikachelewa, pepo za kusi za kuwapeleka India zikawapita, ikabidi wangoje katika Kisiwa cha Msumbiji mpaka mwanzoni mwa 1542. Alikaa hospitalini pamoja na wagonjwa, akiwaungamisha na kuwalisha, watu wakifa mmoja baada ya mwingine, mpaka yeye mwenyewe akashikwa na homa kali.

Kisha meli ikapandisha kaskazini na kutia nanga Malindi. Ndiyo, Malindi hii hii ya Kenya. Alishuka kumzika mtu aliyefia melini. Pale mjini bado kuna kanisa dogo la Wareno lenye makaburi, na mapokeo yanalihusisha na ziara yake hiyo. Lakini kilichomkaa moyoni ni mazungumzo na Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji. Mzee yule alimlalamikia kwamba ibada imepoa: misikiti ilikuwa 17, na mitatu tu ndiyo iliyokuwa na watu. Akataka kujua kama kwa Wakristo nako mambo ni hayohayo. Nadhani swali hilo lingetufaa hata leo, hasa Jumapili ya mvua! Ksaveri alijibu kwa ukali wa zama zake, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasio Wakristo. Mzee hakuridhika. Wakaachana kila mmoja na msimamo wake, na meli ikaendelea kwenda Sokotra, kisha Goa ambako ilifika tarehe 6 Mei 1542.

Goa ilikuwa mji wa Wareno wenye makanisa mazuri na tabia mbaya. Ksaveri alipita mitaani akipiga kengele, akiwaita watoto na watumwa waje katekisimu. Baada ya miezi michache alishuka kusini kwa Waparava, wavuvi wa lulu waliokuwa wamebatizwa miaka kadhaa nyuma kisha wakaachwa bila padre wala mafundisho.

Hapa lazima niseme kitu. Kuna hadithi inayozunguka kwamba Ksaveri alipewa karama ya kusema lugha zote. Barua zake mwenyewe zinaonyesha vingine kabisa. Kitamil kilimtoa jasho. Alikaa na watu waliojua lugha mbili, wakatafsiri pole pole Ishara ya Msalaba, Nasadiki, Baba Yetu, Salamu Maria na Amri, akavikariri kama mtoto wa chekechea. Kisha akawafundisha watoto, watoto wakawafundisha wazazi. Alibatiza mpaka mkono ukachoka kuinuka. Wavamizi walipowashambulia wavuvi hao mwaka 1544, wakakimbilia miambani bila chakula wala maji, alipakia vyakula kwenye mashua 20. Upepo ukamkatalia siku nyingi, akaishia kwenda kwa miguu. Kwangu, mtu huyo anayepambana na upepo na sarufi anavutia kuliko yule wa hadithi.

Akiwa huko aliandika barua iliyosomwa Ulaya nzima. Alitamani arudi Paris apige kelele kama kichaa katika chuo kikuu, awaambie wasomi kwamba elimu yao wameifungia kabatini huku watu wakikosa hata mtu mmoja wa kuwafundisha. Alikuwa anamsema Fransisko wa zamani, yule wa hati za ukoo.

Tusimpake rangi lakini. Kwa mfalme alilalamika bila woga kuhusu maofisa wa Kireno walioiba na kuonea wenyeji. Ila mfalme huyohuyo alimwandikia mwaka 1546, akiwa Ambon katika visiwa vya Maluku, akiomba Inkwizisyo iletwe Goa, ile mahakama ya kuchunguza na kuadhibu wasioishika imani sawasawa. Ilianzishwa mwaka 1560, yeye akiwa amekufa miaka minane, nayo ikaleta mateso makubwa kwa watu wengi. Pia alifurahia kuona watoto waliobatizwa wakivunja sanamu za ibada za wazazi wao. Wapo wanaotaka tuyaruke haya tunapomsimulia mtakatifu. Sioni sababu. Kutangazwa mtakatifu hakufanyi kila wazo la mtu kuwa takatifu, na Wakristo wa Goa wanaomheshimu mpaka leo wanayajua haya kuliko sisi.

Mwisho wa 1547, huko Malaka, alikutana na Mjapani aitwaye Anjirō, aliyekuwa ameua mtu kwao na kukimbia, dhamiri ikimsumbua. Anjirō alibatizwa Goa akaitwa Paulo, na simulizi zake kuhusu watu wa Japani, wenye adabu na wapenda maswali, zikamwasha Ksaveri. Tarehe 15 Agosti 1549, miaka 15 kamili tangu Montmartre, alitua Kagoshima pamoja naye, Padre Cosme de Torres, Bruda Juan Fernández na wengine wachache.

Japani ilimnyoosha. Alisimama barabarani akisoma katekisimu kwa Kijapani cha kuvunjika, watu wakicheka. Kwa ushauri wa Anjirō alimwita Mungu Dainichi, na watawa wa Kibudha wakampokea kwa furaha. Baadaye akagundua kwa nini: Dainichi ni jina la Buddha mmoja wanayemheshimu, kwa hiyo walidhani anafundisha dini yao! Akaacha jina hilo, akatumia neno la Kilatini, Deus. Alitembea majira ya baridi hadi Kyoto kumwona mfalme mkuu, akafika Januari 1551, akaukuta mji umeharibiwa na vita, na hakupokelewa. Nguo kuukuu hazikumsaidia. Kule fukara hakusikilizwa na wakubwa. Basi akarudi Yamaguchi amevaa vizuri, na barua rasmi na zawadi, ikiwemo saa, kitu cha ajabu machoni pao. Mtawala akampa ruhusa ya kuhubiri na monasteri iliyokuwa tupu. Katika miezi michache watu kama 500 wakabatizwa.

Hao waongofu walimuuliza swali ambalo kijana yeyote wa Kiafrika amewahi kujiuliza: wazee wetu waliokufa kabla ya kulisikia jina la Yesu, wako wapi? Ksaveri aliwajibu kadiri alivyofundishwa, kwamba hakuna la kuwasaidia tena. Walilia. Hawakuacha kulia, na yeye aliandika kwamba machozi yao yalimwumiza. Leo Kanisa linasema kwa uwazi zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulifundisha kwamba wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, wanaweza kuokoka. Natamani angekuwa na maneno hayo kule Yamaguchi.

Walimuuliza pia: kama habari hii ni kweli, mbona Wachina hawaijui? Japani ilikuwa inaiheshimu China katika elimu. Ksaveri akaona lazima aende huko. Lakini China ilikuwa imefungwa kwa wageni. Aliyekamatwa aliozea gerezani. Rafiki yake mfanyabiashara, Diogo Pereira, alikuwa tayari kugharamia ubalozi rasmi. Huko Malaka wakakwamishwa na kamanda wa bandari, Álvaro de Ataíde, mtoto wa Vasco da Gama, aliyekuwa na ugomvi wake na Pereira. Ksaveri akamtolea hadi barua za Papa, zisisaidie kitu.

Akaondoka bila ubalozi. Mwishoni mwa Agosti 1552 alifika Shangchuan, kisiwa kidogo ambacho bara la China linaonekana kutoka pale. Akapatana na Mchina mmoja amvushe usiku kwa malipo ya pilipili manga. Akangoja. Meli za Wareno zikaanza kuondoka moja moja, baridi ikaingia, chakula kikapungua. Mtu wa pilipili hakuja. Novemba homa ikampanda. Kando yake alibaki Antonio, kijana wa Kichina aliyesoma Goa, na ndiye aliyemshikisha mshumaa mkononi. Alikufa kabla ya jua kuchomoza, tarehe 3 Desemba 1552, na miaka 46. Mazishini walikuwa watu wanne.

Shingoni alikuwa na kifuko kidogo, na ndani yake kulikuwa na saini za rafiki zake, alizozikata kutoka kwenye barua zao.

Mwili wake uko Goa, katika kanisa la Bom Jesus. Mkono wa kuume, ule uliochoka kubatiza, uko Roma tangu 1614. Mwaka 1622 alitangazwa mtakatifu siku moja na Inyasi.

Na kuna barua moja haikumfikia. Juni 1553 Inyasi alimwandikia kutoka Roma, akimwagiza arudi Ulaya. Barua za wakati ule zilichukua mwaka na zaidi. Inyasi hakujua kwamba anamwita mtu aliyekwisha kufa miezi sita iliyopita.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee.