Profesa wa Ngomeni na Jina la Uhuru

Juma lililopita nilikuwa Nairobi, kwa dada yangu mtaa wa Uhuru, upande wa Eastlands. Baada ya Magharibi niliwakuta vijana wameizunguka simu, wakitazama roketi ya Marekani ikirudi chini na kutua wima. Nikawaambia kuwa jina la mtaa wao lilikwisha kupaa angani, tena kutoka kwetu Pwani. Wakacheka. Ndipo nikawapa habari za Luigi Broglio.

Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, Italia, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga na profesa wa chuo kikuu mjini Roma. Tarehe 15 Disemba 1964 kikosi chake kilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, kutoka Wallops, Marekani. Lakini alitaka ikweta, maana huko dunia huzunguka kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na mwendo huo huipa roketi msukumo wa bure. Akachagua bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Mashariki yake ni maji matupu. Vipande vikianguka havimwangukii mtu.

Yakasimamishwa majukwaa mawili baharini: San Marco la kurushia na Santa Rita la kuongozea. Roketi ilikuwa Scout ya Marekani, ya fueli kavu na hatua nne, kila hatua ikiwaka mara moja na kutupwa. Kati ya 1967 na 1988 zilipaa setilaiti tisa. Moja, ya kuchunguza eksirei za angani, ilirushwa 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Ikaitwa Uhuru.

Broglio alifariki 2001, na kituo sasa kina jina lake. Mwaka 2015 Ulaya ilipojaribu IXV, chombo cha kutafuta njia ya vyombo vya kutumika tena, kilipaa juu ya roketi ya Vega kutoka Guiana ya Ufaransa, na Malindi ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyokifuatilia.

Kijana mmoja akaniuliza mbona hawakusomeshwa haya shuleni. Sikuwa na jibu. Profesa ameachiwa jina, lakini wazee wetu walioziona roketi zile wanaondoka mmoja mmoja. Mwenye babu Ngomeni akae naye, aandike. Mali bila daftari huisha bila habari.