Charles Darwin na Mipaka ya Shaka Yake

Mwalimu afundishaye mageuko ya viumbe hana budi kumjua Darwin mzima. Alizaliwa Uingereza mwaka 1809, akasoma Cambridge kwa nia ya kuwa kasisi. Baada ya safari yake katika merikebu Beagle (1831–1836) imani yake ilififia kidogo kidogo, hata mwaka 1879 akajieleza kuwa ni mtu asiye na hakika juu ya kuwapo kwa Mungu.

Lakini shaka hiyo haikugusa kila jambo. Akiwa mwanafunzi Edinburgh, alifundishwa kuhifadhi ngozi za ndege na John Edmonstone, mtu mweusi aliyepata kuwa mtumwa Guyana. Alimsifu, tena aliuchukia utumwa maisha yake yote. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya binadamu, aliwapanga watu kwa ngazi, Wazungu juu, na wanawake akawaweka chini ya wanaume kwa akili. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kinatetea asili moja ya wanadamu wote! Wanafunzi wa kidato cha nne wanaweza kabisa kuupima mgongano huo kwa ushahidi.

Alifariki mwaka 1882, akazikwa kwa heshima ndani ya kanisa la Westminster.