René Dubos: Msee wa antibiotiki aliyewakumbuka bakteria wa tumbo

Koo likiwasha kidogo tu, wengi wetu tunakimbilia duka la dawa kununua antibiotiki, daktari hatujamwona. Hata mimi nimefanya hivyo. Halafu tumbo likavurugika wiki nzima, nikalaumu chapati za kibandani. Kumbe René Dubos alishaonyesha kitambo kinachoweza kutokea.

Dubos alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1901, baba yake akiwa mwuza nyama. Utotoni aliugua homa iliyomwachia moyo dhaifu. Mwaka wa 1924 alipanda meli hadi Marekani, akasomea vijidudu vya udongo chini ya Selman Waksman.

Mwaka wa 1939, akiwa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alipata gramisidini kutoka kwa bakteria wa udongo. Ilikuwa kati ya antibiotiki za kwanza kabisa. Shida ni kwamba ikiingia kwenye damu ni sumu, kwa hivyo ikabaki dawa ya kupaka vidonda.

Mwaka wa 1942 kifua kikuu kilimuua mkewe, Marie Louise. Mwaka uliofuata, maabara ya Waksman, mwalimu wake yuleyule, ikapata streptomaisini, dawa iliyokuja kutibu ugonjwa huohuo. Fikiria uchungu huo.

Mtu kama huyo ungedhani atazisifu antibiotiki tu. Wapi! Mapema kabisa alionya kwamba bakteria watazizoea. Kisha, miaka ya 1960, yeye na Russell Schaedler waliwapa panya penisilini na kuchunguza vinyesi vyao. Bakteria wa jamii ya laktobasili, wakazi wa kawaida wa tumbo la panya, walitoweka upesi. Wengine, ambao awali walikuwa wachache, wakaongezeka sana.

Yaani dawa haikufagia wote sawa. Ilichagua. Ni kama ploti: wapangaji watulivu wakifurushwa, vyumba havikai vitupu, na hujui nani atahamia.

Dubos alifariki mwaka wa 1982, siku aliyotimiza miaka 81. Hakutuambia tuzitupe antibiotiki, maana alijua vizuri nyumba inavyokuwa dawa ikikosekana. Lakini ukimeza bila sababu, wa kwanza kufurushwa huenda ni wale waliokuwa wanakulinda. Siku hizi koo likiwasha, mimi humwona daktari kwanza.