Nimzowitsch na Ukuta Usioonekana

Kuna maradhi ambayo sisi walimu tunayajua vyema, ila ni nadra kuyazungumzia. Mwanafunzi huingia darasani hajui kitu, akapanda upesi, tukamsifu mbele ya wenzake. Kisha ghafla husimama. Mwaka mzima hupata alama 55 katika kila insha, aandike moja au kumi, alale mapema au akeshe. Mimi mwenyewe ninayaugua maradhi hayo, si katika isimu bali katika sataranji. Niliwashinda wenzangu wote wa bweni nilipokuwa chuoni, na tangu hapo kiwango changu kimeganda pale pale, ingawa nimecheza michezo isiyohesabika.

Kwa sababu hiyo naomba ruhusa ya wasomaji nisimulie leo maisha ya Aron Nimzowitsch, mtu aliyekutana na ukuta huo mara mbili.

Alizaliwa Riga tarehe 7 Novemba, 1886, katika familia ya Kiyahudi, wakati mji huo, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia, ulipokuwa chini ya milki ya Urusi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbao na mchezaji hodari, naye ndiye aliyemfundisha mchezo huo alipokuwa na umri wa miaka minane. Mwaka 1904 kijana alikwenda Ujerumani kusoma falsafa. Falsafa, kwa kweli, haikumwona sana. Mikahawa yenye mbao za sataranji ilimwona zaidi.

Katika mikahawa hiyo alishinda kwa werevu wa kuvizia. Alijua kutoa kafara, kumshtua adui na kumalizia kwa kishindo. Dhidi ya wachezaji wa kawaida hilo lilitosha. Mwaka 1905 akajiandikisha katika mashindano ya Barmen, na huko alimaliza karibu na mkia wa orodha. Wapinzani wake hawakuwa na haja ya kumshtua. Walimwacha ashambulie mahali pasipokuwa na udhaifu wowote, kisha wakamkusanya taratibu kama mtu aokotaye embe zilizoanguka.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chake. Wengi wetu, tukishindwa namna hiyo, huongeza dozi ya dawa ile ile. Tungecheza mara mbili zaidi mikahawani, tukashinda tena wale wale tuliokuwa tukiwashinda, tukajidanganya kwamba tunafanya mazoezi. Nimzowitsch alikiri, na miaka mingi baadaye akalieleza jambo hilo katika kijitabu kuhusu maisha yake, kwamba alikuwa na ufundi wa kushambulia bila ya kuuelewa ubao wenyewe. Akaanza upya kujifunza ustadi asiokuwa nao: mpangilio wa kete, udhaifu wa miraba, subira. Mwaka 1906 alishinda mashindano ya Munich. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu aibu ya Barmen.

Yatokanayo na hapo hayakuwa mteremko. Daktari Siegbert Tarrasch, aliyekuwa mwalimu mkuu wa sataranji nchini Ujerumani, alimdharau, naye Nimzowitsch hakusahau dharau hiyo maisha yake yote. Mwaka 1913 alichapisha makala kali ya kuipinga mikabala ya Tarrasch. Mwaka uliofuata, mjini St. Petersburg, Tarrasch alimjibu ubaoni kwa kumtolea kafara maaskofu wawili na kumshinda mchana kweupe. Kisha vikaja vita vikuu na mapinduzi ya Urusi. Alipoibuka tena mwaka 1920 katika mashindano ya Gothenburg, nchini Uswidi, alikuwa karibu na mkia kwa mara ya pili, akiwa na umri wa miaka 33, hana nchi, hana fedha. Alihamia Copenhagen, akaishi huko katika chumba cha kupanga hadi mwisho wa maisha yake.

Ni katika chumba hicho ndipo alipofanya kazi ambayo mimi, kama mwanaisimu, naiona kuwa kubwa kuliko ushindi wake wowote. Aliyapa mambo majina. Wachezaji wakubwa kabla yake walikuwa wakimzuia askari wa adui aliyebaki bila mpinzani wa kumkinga asifike mwisho wa ubao. Yeye alikuita kufanya hivyo kizuizi, akaeleza kwa nini farasi ndiye mzuiaji bora. Walikuwa wakiziba hila ya adui kabla haijaanza. Yeye akaipa kinga hiyo jina, akaifanya kuwa kanuni. Aliona pia kuwa mahali muhimu panafaa kulindwa kupita haja, ili kila kete mlinzi iwe huru kuondoka wakati wowote. Mambo haya aliyakusanya katika kitabu chake kiitwacho Mein System, kilichotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1925 hadi 1927. Kosa lisilo na jina hurudiwa kwa sababu mkosaji hana njia ya kulitambua likija na vazi jingine.

Matunda yalionekana. Dresden, mwaka 1926, alipata pointi 8.5 kati ya 9, akamwacha nyuma Alekhine. Karlsbad, mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 42, aliwatangulia wachezaji 21, akiwemo José Raúl Capablanca, bingwa wa zamani wa dunia. Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mtu mgumu, mwenye kinyongo na majivuno. Alitaka kugombea ubingwa wa dunia lakini fedha za dhamana hazikupatikana. Na huyo Capablanca aliyemtangulia Karlsbad, hakupata kumshinda ubaoni hata mara moja. Alifariki Copenhagen tarehe 16 Machi, 1935, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 48.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kuniaga. Alitaka kuacha Kiswahili kwa sababu ya hizo 55. Nilimwambia aandike zaidi. Aliandika zaidi, akapata 55 nyingine, na kosa hilo lilikuwa langu. Mwezi jana nilimwomba alete insha zake zote tisa, tukaziweka mezani na kuzisoma si kama insha tisa bali kama moja. Tulipofika ya nne tukaliona: katika kila aya aliingiza hoja mpya kabla ya ile ya awali kukamilika. Nilikuwa nimeandika pembeni, mara tisa, neno moja tu: fafanua. Nikamwomba alipe tatizo hilo jina lake mwenyewe. Alifikiri kidogo, akacheka, akaliita kuhama kabla ya kodi kuisha.

Insha ya kumi nitaisahihisha juma lijalo. Nami ninalo daftari la michezo 40 niliyoshindwa, ambalo sijalifungua tangu nilinunue.