Percy Julian na Siri ya Mbegu ya Soya

Askari alindaye barabara ya Kinyamaseke, iendayo Bwera na mpaka wa Mpondwe, huenda amewahi kunywa uji wa soya asubuhi. Lakini ni wachache wajuao kwamba mbegu hiyo ndiyo iliyompa sifa mwana mmoja wa watu weusi wa Marekani.

Percy Lavon Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama. Babu yake alikuwa mtumwa. Mwaka 1920 alihitimu Chuo Kikuu cha DePauw akiwa wa kwanza darasani, na mwaka 1931 akapata udaktari wa kemia huko Vienna, Austria.

Mwaka 1936 aliajiriwa na kampuni ya Glidden, mjini Chicago. Baadaye maji yalivuja ndani ya tangi la mafuta ya soya, kikaganda kitu cheupe. Mwingine angekimwaga, Julian alitambua kuwa kina stigmasteroli, ambayo umbile lake lakaribiana na homoni za binadamu. Kwa hatua nyingi za kemia aliigeuza kuwa projesteroni, homoni ya kike itunzayo mimba. Baadaye akatengeneza pia testosteroni, homoni ya kiume. Protini ya soya nayo ilitoa povu la kuzimia moto wa mafuta, lililookoa wanamaji wengi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

Sifa hizo hazikumkinga na chuki. Mwaka 1950 nyumba yake ya Oak Park ilitiwa moto, na mwaka 1951 ikashambuliwa kwa baruti. Yeye na mwanawe walikesha wakiilinda, wala hakuhama. Alifariki tarehe 19 Aprili 1975.

Maisha yake yatufunza jambo. Masokoni mwetu huuzwa mizizi kama mulondo, na wako wanaoahidi nguvu za kiume kwa kila atafunaye. Tukumbuke kwamba mwili wa mlaji hauwezi kuigeuza stigmasteroli ya soya kuwa homoni. Kazi hiyo yataka maabara, vipimo na elimu. Mmea ni malighafi tu. Askari aliyepungukiwa nguvu na aende kwa daktari wa kikosi pasipo haya, asiuache mshahara wake kwa mwenye maneno matamu.