Bismarck, Witu na Fidia ya Mfanyakazi

Sisi wa Garsen tukipanda basi kwenda Lamu tunapita Witu. Mwaka wa 1885 Sultani Ahmed wa Witu, aliyeitwa Simba, aliingia chini ya himaya ya Wajerumani. Kiongozi wa serikali yao wakati huo alikuwa Otto von Bismarck. Nataka niwasimulie maisha yake, kwani ndiye aliyeanzisha jambo linalowahusu wazazi wetu hadi leo: fidia kwa mfanyakazi aumiapo kazini.

Bismarck alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, Prussia. Baba yake alikuwa na mashamba makubwa. Alisomea sheria, na mwaka wa 1862 akawa waziri mkuu wa Prussia. Baada ya vita vitatu nchi za Wajerumani ziliungana mwaka wa 1871, naye akawa kansela wao wa kwanza.

Enzi zile mashine ikimkata mtu mkono, ilimbidi athibitishe mahakamani kwamba kosa ni la tajiri. Jamani, kibarua ashindane na tajiri mahakamani! Wengi walitoka mikono mitupu. Basi wafanyakazi wakawafuata wasoshalisti. Bismarck aliingiwa na hofu, na mwaka wa 1878 akapiga marufuku mikutano na magazeti yao. Lakini alijua rungu peke yake halitoshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaleta bima ya ugonjwa mwaka 1883, ya ajali kazini 1884, na ya uzee na ulemavu 1889.

Sheria ya ajali ilivutaniwa bungeni tangu 1881. Ilipopita, waajiri ndio waliochanga pesa, na aliyeumia hakuhitaji kuthibitisha kosa la mtu. Asiyeweza kufanya kazi tena alilipwa theluthi mbili za mshahara wake. Akifa, mjane na watoto walipata fungu lao. Naye mfanyakazi, kwa kawaida, hakuweza tena kumshtaki mwajiri.

Kweli, Bismarck hakusukumwa na huruma tu. Hata hivyo, mjane alipata chakula.

Mwaka wa 1890 Kaisari Wilhelm wa Pili alimwondoa madarakani, na mwaka huo huo Wajerumani wakawaachia Waingereza Witu. Alifariki tarehe 30 Julai 1898. Uingereza ilikuwa imetunga sheria yake ya fidia mwaka 1897, na fikira hiyo ikatufikia kupitia kwao.

Kenya sasa tuna sheria ya mwaka 2007. Mwajiri lazima awe na bima, na fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Lakini madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha. Mjomba wangu alikatwa vidole viwili na mashine akapewa nauli tu arudi nyumbani. Akanyamaza, mwaka ukapita. Hakuna aliyemwambia.

Kwa hivyo, ndugu zangu, likizo hii waambieni wazee na kaka zenu: ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja, weka karatasi za hospitali, na nenda kwa afisa wa usalama na afya kazini. Haki usiyoijua ni kama huna.